Daftari la Shangazi: Historia ya Kiharusi Kinachozuilika

Ninalo daftari moja la shule lenye jalada la bluu lililofifia. Nyuma yake kuna jedwali la kuzidisha, lakini ndani hamna hesabu wala insha. Ndani yamo maisha ya kitabibu ya shangazi yangu, mkulima wa migomba na kahawa katika mojawapo ya vilima vya Ihangiro, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Rubya. Msomaji aliyewahi kutibiwa katika zahanati zetu analijua daftari la namna hii. Mgonjwa hulinunua mwenyewe dukani, hulibeba katika mfuko wa rambo pamoja na kitenge cha akiba, na kila tabibu amwonaye huandika humo mistari miwili mitatu, hugonga muhuri, hulirudisha. Kwetu sisi wanahistoria, madaftari haya ni nyaraka za taifa ambazo hakuna ofisi inayozihifadhi. Mwenye daftari akifa, nalo huwashia moto jikoni.

Hili liliponea chupuchupu. Katika ukurasa wa saba, chini ya tarehe ya mwezi Machi 2008, tabibu mmoja aliandika kwa Kiingereza kwamba mapigo ya mshipa wa mkono hayana mpangilio. Chini yake aliandika dawa: aspirini ndogo, kidonge kimoja kwa siku. Hakuna maelezo zaidi. Kurasa nne baadaye, Novemba 2010, mwandiko ni wa mtu mwingine: mgonjwa ameletwa akiwa amepooza upande wa kulia na hawezi kusema. Kati ya kurasa hizo mbili kuna miezi 32. Shangazi alikuwa na umri wa miaka 49. Aliishi miaka minne zaidi bila kutamka neno ambalo tuliweza kulielewa, na binti yake wa pili aliacha masomo akiwa kidato cha pili ili amwuguze.

Sitaitaja hospitali wala zahanati iliyoandika kurasa hizo, kwa kuwa lengo langu si kumshitaki mtu. Aliyeandika ukurasa wa saba alifanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: alishika mkono wa mgonjwa na kusikiliza. Ninachouliza ni swali la kihistoria. Ilikuwaje mwaka 2008, zaidi ya nusu karne tangu dawa ya kuzuia kiharusi cha aina hii ianze kutumika kwa binadamu, mwanamke wa Muleba aandikiwe ugonjwa wake katika lugha asiyoisoma, apewe dawa isiyotosha, na arudishwe shambani bila mtu yeyote kumwambia kwamba moyo wake unaweza kumpoozesha?

Moyo unaopapatika

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Katika mtu mzima wa afya, vyumba vya juu hubana kwa pamoja na kusukuma damu kwenda vyumba vya chini, navyo huisukuma kwenda mapafuni na mwilini. Katika ugonjwa ambao madaktari huuita fibrilesheni ya atiria, na ambao hapa nitauita mpapatiko wa moyo, vyumba vya juu huacha kubana na kubaki vikitetemeka. Mapigo hupotea mpangilio: mawili ya haraka, kimya, moja zito, matatu mepesi. Shangazi alikuwa akisema, "Mwanangu, moyo wangu unacheza ngoma nisiyoijua." Tulidhani ni namna yake ya kulalamikia uzee uliomjia mapema.

Hatari kubwa haiko katika mtetemo wenyewe. Damu isiyosukumwa vizuri hutuama, hasa katika kifuko kidogo kilichopo kwenye chumba cha juu cha upande wa kushoto. Damu iliyotuama huganda. Siku moja bonge dogo hung'oka, hupanda na mkondo hadi kwenye ubongo, na huziba mshipa. Kwa sababu mabonge yatokayo moyoni mara nyingi ni makubwa, viharusi vya namna hii huua au hulemaza zaidi kuliko vingine vinavyotokana na kuziba kwa mishipa.

Mapigo yasiyo na mpangilio yalijulikana kwa matabibu tangu kale, lakini asili yake ilithibitishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mholanzi Willem Einthoven, aliyetengeneza mashine ya kupima umeme wa moyo, alichapisha mchoro wa moyo wa aina hii mwaka 1906, na miaka mitatu baadaye Thomas Lewis wa London akaonyesha kwamba chanzo ni kutetemeka kwa vyumba vya juu. Uhusiano na kiharusi ulichukua muda mrefu zaidi kupimwa kwa takwimu. Mwaka 1978 watafiti waliowafuatilia wakazi wa mji wa Framingham, Marekani, walionyesha kwamba mpapatiko wa moyo huongeza hatari ya kiharusi mara tano. Kwa mwenye mpapatiko ambaye pia valvu za moyo wake zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi, hatari iliongezeka mara 17.

Nitairudia namba hiyo ya pili, kwa sababu ndiyo iliyomhusu shangazi. Wazee wa ukoo wanakumbuka kwamba alipokuwa na umri wa miaka 11 au 12 alilala kitandani muda mrefu akiwa na homa na maumivu ya viungo yaliyohama kutoka goti hadi kiwiko. Homa hiyo huanza na mafindofindo ya kawaida ya koo yasiyotibiwa. Mwili unapopambana na vijidudu vya koo, hugeuka na kujishambulia wenyewe, na valvu za moyo hubaki na makovu. Valvu iliyosinyaa huzuia damu, chumba cha juu hutanuka, na chumba kilichotanuka huanza kupapatika. Safari yote hiyo, kutoka koo la mtoto hadi kiharusi cha mama, ilizuilika kwa penisilini, dawa ambayo ni ya bei ndogo kuliko nyingi zilizomo katika stoo ya zahanati.

Ng'ombe wa Wisconsin

Historia ya dawa inaanza zizini. Katika miaka ya 1920, wafugaji wa Kanada na wa majimbo ya kaskazini mwa Marekani waliona ng'ombe wao wakifa kwa kutokwa damu baada ya jeraha dogo, au baada ya kukatwa pembe tu. Daktari wa mifugo Frank Schofield wa Ontario aligundua kwamba chanzo kilikuwa majani makavu ya klova yaliyooza ghalani. Mwezi Februari 1933, mkulima wa Wisconsin aitwaye Ed Carlson alisafiri katika dhoruba ya theluji akiwa na mzoga wa mtamba, debe la maziwa lililojaa damu isiyoganda, na lundo la majani hayo. Aliishia kwenye maabara ya mwanakemia Karl Paul Link katika Chuo Kikuu cha Wisconsin.

Ilimchukua Link na wasaidizi wake miaka sita kukitenga kiini cha sumu hiyo, kilichopewa jina la dikumaroli. Kutokana nacho walitengeneza kemikali kali zaidi, iliyoingizwa sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya. Waliipa jina la warfarini, kwa kuunganisha herufi za mwanzo za mfuko wa utafiti wa wahitimu wa chuo chao na mwisho wa neno kumarini. Mwaka 1951 askari mmoja wa Marekani alijaribu kujiua kwa sumu hiyo, akapelekwa hospitali, akatibiwa kwa vitamini K, akapona kabisa. Madaktari wakajifunza mambo mawili: kwamba binadamu anaweza kuhimili dawa hii, na kwamba ipo dawa ya kuigeuza. Mwaka 1954 iliruhusiwa kwa matumizi ya binadamu, na mwaka uliofuata Rais Dwight Eisenhower alipopata shambulio la moyo alipewa.

Ushahidi wa majaribio makubwa kwa wenye mpapatiko wa moyo ulianza kutolewa mwaka 1989, kwa utafiti uliofanyika Denmark, ukifuatiwa na mwingine kadhaa. Majaribio hayo yalipokusanywa na kupimwa kwa pamoja mwaka 2007, yalionyesha kwamba warfarini hupunguza viharusi kwa takriban asilimia 64. Aspirini na dawa za jamii yake zilipunguza kwa takriban asilimia 22 tu. Hiyo ndiyo tofauti iliyokuwa kati ya ukurasa wa saba wa daftari la shangazi na tiba iliyokuwapo duniani mwaka huo huo.

Lakini warfarini ni dawa yenye masharti. Kipimo kidogo hakifai kitu, na kikizidi humwaga damu ya mgonjwa ndani kwa ndani. Kwa hiyo damu hupimwa mara kwa mara kuona inachukua muda gani kuganda, na dozi hurekebishwa. Kipimo kinachotumika huitwa INR, na kwa wagonjwa wengi hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Vitu vingi hukivuruga. Mboga za majani, ambazo hazikosekani kwenye sufuria ya ndizi na maharage nyumbani kwetu, zina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa. Mgonjwa hatakiwi kuziacha, anatakiwa kuzila kwa kiasi kisichobadilikabadilika. Dawa ya kifua kikuu, rifampisini, huidhoofisha warfarini. Septrini na Flagyl, ambazo nyumba nyingi zinazo kabatini, huizidishia ukali. Gongo na rubisi navyo vina neno la kusema.

Kwa maneno mengine, warfarini inamtaka mgonjwa awe na jambo moja ambalo duka la dawa haliuzi: uhusiano wa kudumu na kituo cha afya kinachomjua kwa jina.

"Ugonjwa huo hawana"

Hapa ndipo historia ya tiba inapokutana na historia ya utawala. Mwaka 1929 daktari wa serikali ya kikoloni, C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini nchini Kenya, kando ya ziwa hili letu upande wa mashariki, alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kupima shinikizo la damu la Waafrika wapatao 1,000. Aliripoti kwamba shinikizo lao halikupanda kwa umri kama la Wazungu, na kwamba miongoni mwa wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake hakumwona hata mmoja mwenye shinikizo la juu.

Sina sababu ya kudhani kwamba Donnison alidanganya. Inawezekana kabisa alipima sawasawa watu wa mahali pale na wakati ule. Tatizo ni kile ambacho karne ilikifanya kwa matokeo kama hayo. Maelezo ya mahali pamoja yaligeuka kuwa sheria kuhusu rangi ya watu: Mwafrika hufa kwa malaria, minyoo na nimonia, na magonjwa ya moyo na kiharusi ni ya wastaarabu. Huduma zikajengwa juu ya sheria hiyo. Asiyetarajiwa kuwa na ugonjwa hapimwi, na asiyepimwa hana ugonjwa.

Ushahidi wa kinyume haukuwa mbali. Mwaka 1948 J. N. P. Davies, mtaalamu wa magonjwa katika Mulago, Kampala, alieleza ugonjwa wa makovu ndani ya moyo uliokuwa ukiwaua vijana wa Uganda, ambao vyumba vya juu vya mioyo yao vilitanuka kupita kiasi. Katika miaka ya 1950 na 1960, A. G. Shaper na wenzake wa Makerere walijenga elimu nzima ya magonjwa ya moyo ya Afrika Mashariki. Makerere ndiko walikosoma madaktari wetu wengi wa kwanza. Lakini maarifa hayo yalibaki hospitali kuu. Hayakuvuka mto Kagera yakawa sera ya zahanati.

Uhuru haukulivunja wazo hilo mara moja, na ninasema hivi bila kubeza waliotutangulia. Serikali iliyokuwa na madaktari wachache mno ilichagua, kwa haki kabisa, kuanza na yaliyoua watoto. Baada ya Azimio la Arusha vituo vya afya vilisambazwa vijijini. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadili malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu. Ninaijua kwa masimulizi tu, lakini baba yangu hadi uzeeni aliweza kueleza maisha ya konokono wa kichocho. Moyo haukuwemo katika masomo hayo. Kisha ukaja uchangiaji wa gharama wa mwaka 1993, na ugonjwa wowote unaodai kurudi kliniki kila mwezi ukageuka kuwa kodi ya kila mwezi.

Wakati huo huo ugonjwa ulikuwa ukihesabiwa kwa mara ya kwanza. Mradi wa kuchunguza vifo vya watu wazima, uliofanyika Dar es Salaam, Hai na Morogoro vijijini, ulipouliza kaya jinsi wapendwa wao walivyokufa, ulipata matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 na kushangaza wengi. Kwa wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 64, vifo vya kiharusi kwa mwaka vilikuwa 88 kwa kila watu 100,000 jijini Dar es Salaam, 33 Hai, na 27 Morogoro vijijini. Katika Uingereza na Wales ilikuwa 8.6. Hata kijiji maskini kilizidi London. Mwaka 2010 utafiti mwingine wa Hai na Dar es Salaam ulihesabu viharusi vipya, na Dar es Salaam ikawa na kiwango cha 315.9 kwa kila watu 100,000 baada ya kurekebisha tofauti za umri, kati ya viwango vya juu vilivyowahi kurekodiwa.

Viharusi hivyo vingi chanzo chake ni shinikizo la damu, si mpapatiko. Tena wazee wa Hai wenye miaka 70 na zaidi walipopimwa umeme wa moyo, waliokutwa na mpapatiko hawakufika hata mmoja kwa mia: asilimia 0.67 tu, wakati Ulaya katika umri huo wanazidi watano kwa mia. Yupo atakayesema Donnison amerudi, ugonjwa huu si wetu. Ninamwomba asubiri. Tunawatafuta wagonjwa wa mpapatiko kwenye kundi la umri ambalo Ulaya ndiko uliko, hali wetu wana sura nyingine. Utafiti mkubwa wa wagonjwa wa valvu zilizoharibiwa na baridi yabisi, uliochapishwa mwaka 2015 na kuhusisha nchi 12 za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Rwanda, pamoja na India na Yemen, ulikuta umri wa kati wa wagonjwa 3,343 ni miaka 28. Theluthi mbili walikuwa wanawake. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na mpapatiko wa moyo. Sisi hatuuoni ugonjwa huu kwa wazee kwa sababu wengi wa wenye nao hawafiki uzeeni.

Na katika utafiti huo huo, kati ya waliokuwa wameandikiwa dawa ya kuzuia damu kuganda kwa sababu waliihitaji, ni asilimia 28.3 tu ambao kipimo chao cha INR kilikuwa mahali panapotakiwa.

Mwaka 1983

Upo mwaka mmoja ambao kwa mtu wa Kagera hauhitaji maelezo. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa katika mkoa wetu. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la kitambaa kilicholetwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Nyumba ngapi za Ihangiro zilifungwa, migomba ikabaki bila mpaliliaji, sihitaji kuwasimulia wenyeji.

Mwaka huo huo wa 1983 Shirika la Afya Duniani lilipitisha INR kuwa kipimo cha pamoja cha ugandaji wa damu, ili jibu la maabara ya Geneva na la maabara ya Mwanza yaweze kulinganishwa. Matukio hayo mawili hayana uhusiano wowote, lakini ninayaweka pamoja kwa sababu yanatufundisha kitu.

Mwaka 2004, serikali ilipoanza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi, wapo wataalamu duniani waliodai kwamba Mwafrika wa kijijini hataweza kumeza vidonge kila siku kwa saa, maisha yake yote, na kupimwa damu kwa ratiba. Leo Watanzania zaidi ya milioni moja wanafanya hivyo. Wanayo kadi yenye namba na tarehe ya kurudi. Asiyefika hufuatiliwa nyumbani. Sampuli yake ya damu husafirishwa hadi iliko mashine na jibu hurudi. Kliniki za CTC zimethibitisha kwamba maradhi ya kudumu yanaweza kuhudumiwa kilimani, kwa watu wasio na gari wala mshahara.

Basi hoja ya kwamba warfarini ni dawa ngumu mno kwa vijiji vyetu ilishajibiwa, na iliyoijibu ni Kagera yenyewe. Mgonjwa wa mpapatiko anahitaji vitu vile vile: kadi, tarehe, mhudumu amjuaye, na kipimo cha damu ambacho siku hizi hata mashine ndogo ya mkononi inaweza kukitoa kwa tone moja la kidole. Hospitali ya Rubya, mali ya Kanisa Katoliki na ambayo kwa miaka mingi imekuwa hospitali teule ya Wilaya ya Muleba, ipo umbali ambao mtu wa Ihangiro anaweza kuufikia na kurudi siku hiyo hiyo. Bugando iko ng'ambo ya ziwa. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Muhimbili mwaka 2015 na ambayo tuna haki ya kujivunia, iko zaidi ya kilomita 1,300 kutoka hapa. Valvu inaweza kutengenezwa Dar es Salaam mara moja. Damu haiwezi kwenda kupimwa Dar es Salaam kila mwezi.

Kidonge kipya, swali la zamani

Nitakumbushwa kwamba dunia imeshasonga mbele. Ni kweli. Tangu mwaka 2009 yametolewa majaribio ya dawa mpya, dabigatrani, rivaroksabani na apiksabani, ambazo hazihitaji INR wala hazigombani na mboga za majani. Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Kwa mzee mwenye mpapatiko usiotokana na valvu iliyosinyaa, hizi ni habari njema, na bei yake ikishuka hazina budi kufika Muleba.

Lakini mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye mpapatiko uliotokana na baridi yabisi, katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Wengi walitarajia dawa mpya ishinde au itoke sare. Haikuwa hivyo. Waliopewa warfarini na dawa za jamii yake walipata mikasa michache zaidi, na waliokufa walikuwa wachache zaidi, bila kutokwa damu zaidi. Kwa wagonjwa kama shangazi yangu, dawa bora bado ni ile ya zamani na ya bei nafuu. Kwa hiyo hatuwezi kuinunua njia ya mkato. Yule ambaye teknolojia ghali ingemwepushia safari ya maabara siye maskini wetu wa kilimani. Yeye anahitaji maabara imsogelee.

Na pana ugumu ambao sitaki kuuficha. Wengi wa wagonjwa hawa ni wanawake wenye umri wa kuzaa, na warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Kumwandikia mwanamke wa miaka 25 dawa hii bila kuzungumza naye juu ya uzazi, na bila mpango wa kubadili dawa akishika mimba, ni kumhamisha kutoka hatari moja kwenda nyingine. Hili nalo linahitaji mazungumzo, katika lugha anayoielewa.

Nifanye muhtasari wa ninachodai, kwa kuwa mhadhiri asiyedai kitu anasimulia tu. Kwanza, mapigo ya mkono yahesabiwe kwa dakika moja kamili kwa kila mtu mzima anayefika zahanati kwa sababu yoyote. Hakuna kifaa kinachohitajika zaidi ya saa, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa Januari 2024, wanaweza kufundishwa. Atakayeonekana na mapigo yasiyo na mpangilio apelekwe kwenye kipimo cha umeme wa moyo. Pili, INR ipatikane katika kila hospitali ya wilaya, siku inayojulikana, kama zilivyo siku za CTC. Tatu, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 ipimwe kwa swali hili dogo: je, inamlipia mkulima wa Muleba kipimo cha kila mwezi, au inamlipia kitanda baada ya kupooza? Nne, koo la mtoto litibiwe. Tano, daftari la mgonjwa liandikwe kwa Kiswahili.

Nyongeza moja ya tahadhari. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, tuliona jinsi kliniki zilizojengwa kwa fedha za wengine zinavyoweza kutikisika kwa saini ya mtu mmoja aliye mbali. Tukiuiga mfumo wa CTC kwa ajili ya moyo, tuige nidhamu yake, tusiige utegemezi wake.

Na wewe msomaji mwenye mzazi anayelalamika kwamba moyo unamkimbia, mshike mkono chini ya kidole gumba, uhesabu dakika nzima. Ukikuta mapigo hayana utaratibu, mpeleke kwa daktari na umwulize wazi juu ya kiharusi. Anayetumia dawa tayari asiiache wala kuibadili kwa kusoma makala hii.

Mwaka jana binti yule aliyeacha shule, ambaye sasa ni mama wa watoto watatu, aliniomba nimfasirie daftari la mama yake. Tulikaa barazani, nikasoma ukurasa mmoja mmoja. Nilipofika ukurasa wa saba, aliniomba niurudie. Kisha akauliza, "Kaka, kwa hiyo walijua?" Nikamjibu kwamba yupo mmoja aliyejua nusu. Alilichukua daftari, akalitazama kwa muda, akanirudishia akisema nilitunze mimi, kwa kuwa kwake paa linavuja.

Ndilo hili lililo mezani kwangu ninapoandika. Kurasa zake nyingi bado ni tupu.